Siri ya Kesi ni ya Mteja: Tujifunze Kuongea na Mawakili Wetu

Haya ni maneno niliyozungumza kwenye darasa la vijana la kata yetu Jumamosi iliyopita. Wengi mliokosa mmeomba niyaweke hapa. Nimeyapunguza kidogo, na mwishoni nimeweka maswali mawili yaliyoulizwa.



Mwenyekiti amenipa nusu saa niongelee haki za mshtakiwa. Nimemwomba anivumilie nipunguze mada, maana haki hizo ni nyingi na tukizipitia zote tutatoka hapa hatujashika hata moja. Leo naomba tuongelee jambo moja tu: mazungumzo kati ya mtu mwenye kesi na wakili wake. Ukilitazama haraka unaona dogo. Lakini kesi nyingi zinafia hapo, kabla hata ushahidi haujaanza kusikilizwa.

Na niseme mapema: mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu. Sio wakili. Ukikamatwa usiku wa leo usinipigie mimi, mpigie wakili.

Nianze na baba yangu.

Nilipokuwa kidato cha pili, jirani yetu alifungua shauri kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Alidai kwamba ekari mbili kati ya ekari nne za shamba letu ni zake, alizinunua kwa baba. Baba akakopa hela, akatafuta wakili. Wakili akamuuliza, "Mzee, ulimuuzia?" Baba akajibu, "Sijawahi kumuuzia kitu." Na ilikuwa kweli. Hakumuuzia.

Ambacho baba hakukisema ni hiki. Miaka ya nyuma mama aliugua sana, na baba alichukua shilingi laki tatu kwa yule jirani, akamwachia shamba liwe dhamana mpaka atakaporudisha. Waliandikishana karatasi, baba akaweka dole gumba. Aliona aibu kulisema hilo. Na jamani, tumwelewe. Vikao vyake na wakili vilikuwa vya dakika tano tano kwenye korido ya baraza, watu wamejaa, yule jirani mwenyewe amekaa benchi la pili. Baba sio mtu wa kueleza umaskini wake mbele ya watu. Wakili naye hakumwita ofisini amuulize taratibu: mzee, kuna karatasi yoyote? Kuna hela yoyote iliyopita kati yenu?

Basi majibu ya utetezi yakaandikwa kwamba mdaiwa hajawahi kupokea fedha yoyote kutoka kwa mdai. Siku ya kusikilizwa, upande wa pili wakatoa karatasi yenye dole gumba la baba.

Sasa angalieni uchungu wa jambo lenyewe. Karatasi ile haikuandikwa "nimeuza". Iliandikwa kwamba amempa shamba kwa shilingi laki tatu. Kama wakili angeijua tangu mwanzo, angejenga utetezi juu yake: hii ilikuwa dhamana ya mkopo, mashahidi wa makubaliano ni fulani na fulani, na mdaiwa yuko tayari kurudisha hela. Ukweli ule ungemsaidia baba. Lakini ulipotoka mdomoni mwa mpinzani, baada ya baba kukana kwa maandishi, baba akaonekana mwongo. Na ukishaonekana mwongo kwenye jambo moja, hata yale ya kweli unayosema yanasikilizwa nusu nusu.

Haikuishia hapo. Hukumu ilisomwa, baba hakuambiwa. Kila tukimuuliza anasema, "Kesi zinachukua muda, mwanangu, wakili atatuita." Baada ya miezi mitatu tukamwona jirani anakuja na watu na kamba, wanapima mpaka. Hapo ndo tukajua tulishindwa zamani.

Kukata rufaa kutoka baraza la wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Zilikuwa zimeshapita. Baba akaomba kuongezewa muda, sababu yake ni kwamba wakili hakumjulisha. Maombi yakakataliwa. Wakati ule nililia, nikaona ni uonevu. Nilipofika chuo nikakuta kumbe ni msimamo wa siku nyingi. Kwenye shauri la Umoja Garage dhidi ya Benki ya Taifa ya Biashara, lililochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1997, Mahakama ya Rufani ilisema uzembe wa wakili sio sababu ya kutosha ya kuongeza muda. Msimamo huo umerudiwa mara nyingi: mwenye kesi anatakiwa afuatilie kesi yake. Kuwa na wakili hakukuondolei wajibu huo.

Baba mpaka leo anaamini alishindwa kwa sababu hakuwa na hela. Mimi naamini alishindwa kwa sababu hakupata chumba chenye mlango, akakaa na wakili wake, wakaambiana ukweli wote wawili.

Kwa hiyo ninachotaka mtoke nacho hapa leo ni hiki: mazungumzo ya mteja na wakili wake ni mali ya mteja. Sio ya wakili. Sio ya polisi. Na hapa naomba mnisikilize vizuri: sio ya chama.

Tuanze na wakili.

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamkataza wakili kutoa nje yale uliyomwambia kwa ajili ya kazi yako, nyaraka ulizomwonyesha, au ushauri aliokupa, mpaka wewe mwenyewe uridhie waziwazi. Katazo hilo haliishi kesi inapoisha. Linawabana pia makarani wake na mkalimani aliyekaa katikati yenu. Ukimwambia wakili kwamba ile karatasi uliiweka dole, hakimu hawezi kumsimamisha wakili huyo kizimbani aeleze ulivyomwambia.

Ina mipaka yake, tusidanganyane. Ukienda kwa wakili umwombe akufundishe namna ya kughushi risiti, hapo hakuna siri. Na akiona uhalifu au udanganyifu unafanyika baada ya yeye kuanza kazi yako, kinga haifuniki hilo. Siri inalinda ushauri juu ya yaliyopita na namna ya kujitetea. Hailindi mipango ya uovu mpya.

Kwa hiyo usione aibu. Aibu ile ya baba yangu iligharimu ekari mbili. Kwa kesi za jinai mambo ni mazito zaidi. Mwambie wakili saa uliyokamatwa, sio "jioni jioni". Kwa nini? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaweka muda wa msingi wa polisi kukuhoji, saa nne tangu uwe chini ya ulinzi, na ukihitaji kuongezwa kuna utaratibu wake. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila utaratibu yanaweza kupingwa mahakamani. Wakili hawezi kupinga asichokijua. Mwambie nani alikuwepo. Mwambie kama ulipigwa, na wapi. Mwambie kama ulisaini chochote, hata kama hukukisoma. Mwambie simu yako iko wapi na ndani yake kuna nini. Na mwambie yale mabaya kwanza. Yale mazuri hata asipoyajua leo, hayatamshtua kesho mbele ya hakimu.

Na yeye umdai. Wengi wetu tunamwogopa wakili kuliko hakimu. Tunamwita mheshimiwa, anaongea Kiingereza, tunaitikia kwa kichwa. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini nyaraka nyingi bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Sasa kama huelewi kilichoandikwa kwa jina lako, usikisaini. Mwambie, "Wakili, naomba unisomee kwa Kiswahili." Huo sio utovu wa adabu. Kama baba angesomewa ile sentensi ya "hajawahi kupokea fedha yoyote", nina hakika angeshtuka.

Dai tarehe. Kila mkitoka mahakamani uliza: imeahirishwa mpaka lini, na siku hiyo kinafanyika nini, kutajwa, kusikilizwa, au hukumu? Andika kwenye daftari lako, usitegemee kichwa cha mtu mwingine. Kwenye madai, ukipokea wito una siku 21 za kuleta majibu ya maandishi Mahakama Kuu au mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi. Usipoleta, kesi inaweza kuendelea upande mmoja. Dai nakala ya kila kinachowasilishwa. Dai risiti ya kila shilingi. Na jueni kwamba yapo maamuzi ambayo ni yako, sio ya wakili: kukiri au kukana kosa, kukubali au kukataa suluhu, kukata rufaa au kuacha. Yeye anashauri, wewe unaamua. Akikuchezea, kuna Kamati ya Mawakili inayosikiliza malalamiko, na kuna kanuni za maadili za mawakili za mwaka 2018. Na kabla hujampa hela mtu yeyote, hakikisha ni wakili kweli kwa kumtafuta kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Vishoka wamejaa.

Sasa twende kwa polisi na magereza.

Sura ya 20 hiyo hiyo inasema mtu aliye chini ya ulinzi akiomba, afisa wa polisi ampe nafasi ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Zingatieni neno "akiomba". Usikae kimya ukisubiri waikumbuke haki yako. Omba kwa sauti, omba mara ya pili, na kumbuka jina la uliyemwomba na saa.

Lakini kuwasiliana bila faragha ni kama kuungama kwa padri huku kanisa zima linasikiliza. Mwaka 1990, mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana, Cuba, ulipitisha misingi kuhusu kazi ya mawakili, na mmoja wao unasema mazungumzo ya mtuhumiwa na wakili wake askari anaweza kuyaona, lakini asiyasikie. Aone, asisikie. Kanuni za Mandela za mwaka 2015 kuhusu wafungwa zimerudia hivyo hivyo. Hakuna anayesema askari aondoke kabisa. Asogee tu, akae mbali.

Mnakumbuka Juni 2025. Tundu Lissu, akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, aliiambia mahakama pale Kisutu kwamba atajitetea mwenyewe, akilalamika kwamba alinyimwa nafasi ya kuzungumza faraghani na mawakili wake. Wengi wetu siku ile tulishangilia ujasiri. Mimi nilipata woga. Lissu ni wakili, amewahi kuwa Rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika. Anaweza kusimama mwenyewe. Kijana wa bodaboda aliyekamatwa kwenye mkutano, aliyeishia darasa la saba, akinyimwa faragha na wakili wake atasimama na nini? Haki hii inapobanwa kwa mtu mkubwa tunaiona kwenye habari. Kwa mtu mdogo inabanwa kimya kimya, na yeye mwenyewe hajui kwamba amenyimwa kitu.

Nimefika kwenye sehemu ngumu. Sisi wenyewe.

Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, niliongozana na wakili kwenda kituo kimoja cha polisi kumwona kijana wetu. Yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie hili bila jina, na siri ni yake, angesema hapana ningenyamaza. Tulipofika, viongozi wetu watano walikuwa wameshafika. Wakapewa nafasi, wakaingia wote. Wakili akamuuliza, "Umeandika maelezo?" Akasema hapana. "Umesaini chochote?" Hapana. Viongozi wakampigapiga bega, kamanda, shujaa.

Wakili wangu akawaomba watoke. Mmoja akakasirika: "Sisi ndo tunaokulipa!" Wakili akamjibu kwa utaratibu kwamba anayelipa ni chama, ila mteja ni huyu. Wakatoka wananung'unika. Mlango ulipofungwa, yule kijana akaanza kutetemeka. Alikuwa ameshasaini maelezo usiku, kurasa tatu, hajui zimeandikwa nini. Hakutaka kulisema mbele ya viongozi wasimwone mwoga.

Makamanda, fikirini. Yule askari wa zamu alikuwa amekaa mbali. Waliomzuia yule kijana kusema ukweli ni sisi, kwa upendo wetu na makofi yetu.

Chama kikikutafutia wakili ni jambo jema, na tuendelee kuchangishana. Lakini mteja ni yule mwenye kesi. Yeye ndiye atakayelala mahabusu, sio katibu wa tawi. Kama kwa masilahi yake ni bora akubali jambo ambalo halipendezi kwenye jukwaa letu, wakili lazima aweze kumwambia hivyo bila kututazama usoni. Vilevile wakikamatwa vijana saba kwa pamoja, tusimlazimishe wakili mmoja awabebe wote kama wana maelezo yanayogongana. Mmoja akisema "alifanya huyu", wakili huyo huyo hawezi kuwatetea wote wawili kwa moyo mmoja. Huo ni mgongano wa masilahi, na suluhisho ni kutafuta wakili wa pili, hata kupitia msaada wa kisheria. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kuna mashirika kama LHRC na TAWLA yanayofanya kazi hiyo.

Na lingine ni makundi yetu ya WhatsApp. Mtu ametoka kuongea na wakili, dakika kumi baadaye kuna ujumbe wa sauti kwenye kundi la watu 200: "Wakili amesema tutakana ile video, tutasema simu ilipotea." Ndugu zangu! Siri inalindwa mkiwa wawili na wakili wenu. Ukiimwaga kwa watu 200, sheria haina cha kukulindia tena. Skrinshoti inatosha, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi. Wengine tunafanya hivyo tukidhani ni uhamasishaji. Hamasisha kwa mengine, tangaza tarehe ya kesi, tangaza mchango. Alichosema wakili kiache chumbani.

Kwa hiyo naliomba tawi letu lipitishe mambo matatu leo, kabla hatujanywa chai. Kwanza, akikamatwa mwenzetu, wakili aingie kwanza na peke yake, viongozi wasubiri nje. Pili, mtu mmoja tu, aliyekubaliwa na mwenye kesi, ndiye awe anatoa taarifa kwenye makundi, na asitoe chochote zaidi ya alichoruhusiwa. Tatu, kila mwenye kesi apewe daftari la tarehe, na mmoja wetu awe anamkumbusha. Daftari ni shilingi elfu moja. Kwa baba yangu lingekuwa na thamani ya ekari mbili.

Maswali mawili yaliyoulizwa:

Dada mmoja aliuliza: "Nikimwambia wakili kwamba kweli nilifanya, si atakataa kunitetea?" Hapana. Wakili haruhusiwi kuidanganya mahakama, kwa hiyo hatakusimamisha useme anachojua ni uongo. Lakini mzigo wa kuthibitisha uko kwa Jamhuri, bila kuacha shaka ya msingi, na Katiba Ibara ya 13(6)(b) inakuhesabu huna hatia mpaka ithibitike. Wakili anaweza kuupima ushahidi wao, kuhoji mashahidi wao, kupinga nyaraka zilizopatikana kinyume cha sheria, na ukitiwa hatiani akakuombea nafuu ya adhabu. Kazi hizo zote anazifanya vizuri zaidi akiujua ukweli.

Kaka mwingine aliuliza kama baba bado ana hasira na yule wakili. Nilimjibu kwamba hasira ziliisha. Mwaka jana nilimsomea baba majibu yale ya utetezi, kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, ukiwa wakili, ofisi yako iwe na mlango."

Tukutane Jumamosi ijayo, na mje na madaftari.